KAKA ALISEMA MAMA AMENIKATAA... NIKAMKUTA MGAHAWANI!

Jamani, vijiti vya kulia chakula viliniponyoka mkononi!

Meza ya tatu kutoka yangu, huku huku ugenini, alikuwa amekaa mama yangu mzazi...

Mama ambaye kaka aliniambia hataki hata kusikia jina langu!

Ngojeni niwaeleze. Mwaka jana baba alifariki. Vibali vyangu vya kuishi huku vilikuwa bado, nikashindwa kwenda kuzika. Kaka, tunayeishi naye mji mmoja, akaenda. Aliporudi akaniambia:

"Mama kabadilisha namba. Kasema usimtafute tena."

Nililia mpaka macho yakavimba. Na nikamwamini. Kaka yangu wa tumbo moja, ningemtiliaje shaka?

Mchana huo nikajitoa auti peke yangu. Mgahawa wenyewe unachanganya mapishi ya Kichina na ya Kizungu, bata kalazwa juu ya viazi vya kuponda, halafu unapewa vijiti uhangaike navyo. Ndiyo nahangaika, nikamwona mama. Na kaka mbele yake!

Nikataka kutoka mbio. Mtu kanikataa, nitamwambia nini?

Kabla sijainuka, mama akachagua kipande kizuri cha bata. Akakiweka ukingoni mwa sahani, akakifunika kwa jani la saladi.

Sikutoka tena!

Kwetu, mtoto ambaye hajarudi nyumbani huwekewa chake, kinafunikwa, na hakiguswi na mtu. Na mama ana watoto wawili tu. Mmoja alikuwa ameketi pale!

Nikampigia kaka. Akaitazama simu, akainuka haraka kuelekea chooni. Mimi huyo, nikaenda kukaa kwenye kiti chake.

Mama akafungua mdomo aniite. Nikamwashiria anyamaze, nikaweka spika.

"Kaka, mama hajambo?"

"Yuko kule kwetu nyumbani. Jana tu nimembembeleza, kagoma. Mpe muda, mdogo wangu."

"Nimegoma lini, wewe?" mama akafoka.

Simu ikakatwa!

Mama akanishika mikono.

"Kitinda mimba wangu... kaniambia umehama nchi, hututaki tena!"

"Umekuja lini, mama?"

"Alinichukua baada ya matanga. Mkewe yuko kazini kutwa, wanawe nalea mimi."

Kumbe! Kanifanya yatima wa mama aliye hai, apate yaya wa bure!

Kaka akatokea, jasho linamtoka.

"Mdogo wangu, ngoja nikueleze..."

"Tafuta pa kukaa," mama akamwambia.

Meza ilikuwa ya watu wawili. Akabaki amesimama.

Mama akafunua lile jani.

"Kula, mwanangu. Kimepoa, lakini ni chako."

Nilikula nalia, kwa mkono, vijiti nikavisahau.

Wapendwa, ukiambiwa mzazi wako kakukataa, usipokee salamu za mtu. Kamuulize mwenyewe, akutazame machoni.

Mama sasa anaishi kwangu. Kaka? Bado anatafuta yaya.