Mkono Kooni mwa Paloma

Haya wajukuu, nitegulieni hiki: ana mabawa wala si ndege, hulala kichwa chini, na hula bila kutafuna. Mmeshindwa? Ni popo mnyonya damu. Kule milima ya Huasteca hakuna zizi asilolijua.

Otilia, mke wa mfugaji wa huko, alikwisha kumzoea popo huyo. Alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya nyasi, alifuta damu shingoni mwa ng'ombe, kisha akakanda unga wake wa mahindi kama mtu ambaye ndoto haijamwachia.

Mara Paloma, ng'ombe wao wa maziwa, akaacha kula. Miguu ya nyuma ikalegea. Mate yakamning'inia, yakimetameta juani kama nyuzi za buibui.

"Gunzi limemkwama kooni," alisema Nicanor, mumewe. Wafugaji wa pale wote husema hivyo, na huingiza mkono kulitafuta.

Paloma akafa. Remedios, daktari wa mifugo, akachukua vipimo. Aliporudi kuwatoa damu ng'ombe wa majirani waliokuwa kwenye majaribio ya chanjo mpya, alipita kwao.

"Ni kichaa cha popo, ugonjwa ule ule wa kichaa cha mbwa," alisema.

"Na nyinyi mnawadunga ng'ombe virusi," Nicanor akamkatiza.

"Ni kirusi kingine, don Nicanor, kisichowadhuru. Tumekivika kipande kidogo tu cha kile cha kichaa, kama mtu aliyevaa koti la jirani. Mwili ukiliona koti, unajifunza kupigana. Kichaa chenyewe hakimo."

"Na chanjo hiyo inafaa?" Otilia aliuliza.

"Hilo ndilo tunalolitafuta katika damu yao. Bado tunapima. Ng'ombe wenu nitawachanja leo ile ya zamani, iliyothibitishwa." Akashusha sauti. "Mate ya Paloma yakipita kwenye mkwaruzo, mtu huambukizwa. Ugonjwa ukishaanza, hauponi. Kabla haujaanza, kunawa kwa sabuni na sindano za hospitali humwokoa mtu."

Otilia akamgeukia mumewe. "Baba Chayo," alimwita kwa jina la binti yao, "ulimtia mkono kooni?"

"Mimi nafuga ng'ombe tangu sijaota ndevu."

"Sikukuuliza ndevu."

Nicanor akatazama milima. Kengele za ng'ombe zililia mbali, kama zimezama majini. Otilia alileta ndoo ya maji na sabuni, akaviweka miguuni pake, akasimama.

Taratibu, Nicanor akakunja mkono wa shati. Ngozi ilijaa mikwaruzo ya miiba.

"Niliutia," alisema. "Mpaka kwenye kiwiko. Nipelekeni hospitali."