Dhahabu ya Kuchajia Simu

Kila siku akitoka shule, Noela alivua viatu, akafunga kanga juu ya sketi yake ya bluu, akaenda kukaa kwenye kibanda cha mama yake. Kilikuwa kibanda cha mabati, karibu na machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu, juu yake paneli mbili za sola, ndani nyaya zimening'inia kila upande. Wachimbaji wadogo waliacha hapo simu na tochi zao za kichwani, wakaenda kula, wakarudi kuzichukua zikiwa zimejaa chaji. Noela alikuwa darasa la sita. Hakuwahi hata mara moja kumpa mtu simu ya mwenzake, na jambo hilo alijivunia kuliko namba yake ya darasani.

Mwezi ule kibandani kulikuwa na bidhaa mpya. Edson, kijana mchuuzi mwenye pikipiki, alileta pawabenki, betri za kubebea za kuchajia, zenye umbo la tofali la dhahabu. Ziling'aa hadi macho yakauma. Tena zilikuwa nzito, na uzito ndio uliowamaliza wachimbaji. Watu wa huko wamezoea mawe. Mchimbaji akiokota jiwe hulirusharusha kiganjani kabla hata ya kulitazama, na likiwa zito, moyo wake huruka. Basi na pawabenki walizipima hivyo hivyo.

"Shika mwenyewe, mjomba," Noela alimwambia Mageni, kaka wa mama yake. "Ile nyeusi ya zamani ni nyepesi kama kiberiti. Hii ina umeme wa wiki nzima!"

Mageni aliirusha kiganjani mara mbili. "Hili ni jiwe kweli," akasema, akalinunua.

Jumamosi iliyofuata alirudi asubuhi, viwiko vimechubuka, goti limefungwa kitambaa.

"Mwangaluka!" alisalimia kwa Kisukuma, lakini sauti haikuwa na furaha yake ya kila siku.

"Shikamoo, mjomba. Umefanyaje?"

"Marahaba. Tochi imenizimikia nikiwa chini kabisa ya duara, kule shimoni tunakochimba. Niliichaji kwa ile dhahabu yenu. Nimepanda kwa kupapasa kamba kama kipofu, mguu ukateleza, ukuta ukanichuna." Alikuna kichwa. "Labda sikuchomeka waya vizuri."

Neno hilo "labda" lilimchoma Noela. Mjomba wake alikuwa ameponea chupuchupu shimoni, na bado alijilaumu yeye mwenyewe.

Alichukua tofali moja la dhahabu na ile pawabenki nyeusi ya mama, zote zimejaa. Akazichomekea tochi mbili zilizoisha chaji, akasubiri. Kabla maharage ya mchana hayajaiva, ya dhahabu ilikuwa imezima, na tochi yake haijafika hata robo. Nyeusi ilijaza yake, na bado ilikuwa na chaji. Noela alilitikisa tofali sikioni. Kitu kilichakarika ndani.

"Mama, sikia. Humu mna kitu."

Mama yake, Paskazia, alitazama nje kwanza. "Irudishe kwenye boksi. Tukimuudhi Edson, nani atatuletea nyaya na betri? Nitaongea naye taratibu."

"Lakini mimi ndiye niliyemwambia mjomba kwamba ina umeme wa wiki nzima!"

"Nimesema nyamaza, Noela."

Noela alilirudisha tofali kwenye boksi. Alinyamaza kama sufuria iliyofunikwa, huku moto ukiwaka chini yake.

Saa nane pikipiki ya Edson ilisimama mbele ya kibanda. Akatandika turubai, akapanga matofali yake juani, akaanza kuimba:

"Shika hapa, pima hapa,
dhahabu isiyozima!
Taa yako itawaka
wiki nzima, wiki nzima!"

Wachimbaji walikusanyika, Mageni naye akiwemo. Kijana mmoja, Enock, ambaye kesho yake ndipo angeshuka duarani kwa mara ya kwanza, alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Hapo Noela alivuta kreti la soda, akapanda juu yake.

"Shikamoo, kaka Edson."

"Marahaba, mdogo wangu! Waambie hawa. Huyu ni shahidi wangu!"

"Ndiyo, mimi ni shahidi," Noela alisema. "Nilimuuzia mjomba wangu dhahabu yako kwa mdomo wangu huu. Nilimwambia jambo nisilolijua. Tochi imemzimikia duarani. Enock, usinunue. Na mimi siuzi tena hata moja."

Edson akacheka. "Mtoto wa darasa la sita! Umeme umeujulia wapi? Nenda ukasuke nywele."

"Nitasuka jioni. Sasa hivi fungua tofali moja, watu waone."

"Fungua, bwana!" mtu alidakia. "Unaogopa nini?"

"Nikifungua imeharibika. Nani atalipa?"

"Mimi!" Miguu ya Noela haikushuka kwenye kreti. "Nina kuku mmoja tu, tetea. Humo ndani mkiwa na betri peke yake, kuku ni wako."

"Kubali, Edson! Kuku mwenyewe namjua, amenona!" Watu wakaangua kicheko.

Noela alinyoosha mkono kuchukua bisibisi dirishani. Mkono mwingine ukaushika wake. Alikuwa mama yake. Noela alifumba macho, akingoja kuvutwa chini.

"Betri hazichokonolewi na mtoto," mama alisema. "Ikitobolewa inawaka moto. Lete hapa."

Mama Noela alikuwa amefungua simu za watu kwa miaka sita. Alilegeza skrubu mbili, akainua kifuniko taratibu. Ndani mlikuwa na betri moja nyembamba kama kidole. Pembeni yake, kila kona, palishindiliwa mifuko midogo ya mchanga.

"Leteni karai!" Mageni alinguruma.

Alichana mifuko, akamwaga mchanga karaini, akatia maji, akauosha kwa kuzungusha, kama anavyoosha mchanga wa dhahabu kila siku kule mwaloni. Vichwa vyote viliinama. Mageni alitazama, akatazama tena.

"Hata chembe! Edson, duara lako halina kitu!"

Juu ya kreti, Noela aliimba kwa sauti ile ile ya Edson:

"Tumeshika, tumepima,
taa zetu zinazima!"

Wachimbaji wakaitikia, wakarudia, hadi mabati ya kibanda yakavuma.

"Jamani, na mimi niliuziwa hivi hivi!" Edson alisema huku jasho likimtiririka. "Nilizishika, nikaona ni nzito..."

"Ukazishika, hukuzijaribu," mama alimjibu. "Na mimi nikafanya hivyo hivyo. Sasa kila aliyenunua arudishiwe pesa yake, kwako na kwangu."

Zikarudishwa palepale. Edson akafunga matofali yake, akaondoka bila kuimba.

Noela alimwendea Mageni. "Mjomba, nisamehe. Nilisema ina umeme wa wiki nzima, na sikuwa nimeijaribu hata saa moja."

Mageni alimfuta vumbi begani. "Mimi nilidanganywa na kiganja changu, maana nilidhani umeme ni jiwe. Nimekusamehe. Lakini shika hili, mwanangu. Ulitaja kosa lako kwanza, ndipo ukataja la Edson. Ungeanza na lake, wangesema una chuki. Kwa sababu ulijisema mwenyewe, watu wazima walikusikiliza. Na usisifie tena kitu ambacho hujakijaribu, kwa sababu chini kule kuna mtu anakuamini."

Jioni hiyo Noela aliandika kwa mkaa kwenye bati la kibanda: HAPA HATUPIMI KWA KIGANJA. TUNAWASHA KWANZA.

Mama alisimama nyuma yake, akasoma polepole. "Leo nilikunyamazisha, na nilikosea," alisema. Akalisukuma lile kreti kwa mguu, akaliweka karibu na mlango. "Litakaa hapa. Siku nikikunyamazisha tena kwenye jambo la kweli, panda."