Paja la Baba Pacha

Baba Pacha ni fundi rangi. Kutwa hupanda na kushuka ngazi, brashi mkononi, akiimba nyimbo ambazo maneno yake anayajua nusu tu. Mkewe ni fundi cherehani. Hushonea mlangoni, penye mwanga.

Siku moja ngazi iliteleza. Baba Pacha alianguka, mguu wa kulia ukajipinda chini yake. Goti likavimba. Hospitalini daktari alimwambia kwamba nyuzi mbili zinazoshika mifupa ya goti zimekatika.

"Utahitaji upasuaji," alisema. "Lakini si sasa. Kwanza uvimbe upungue. Kamwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo."

Baba Pacha alisikia neno moja tu: upasuaji. Mengine yaliingia sikio hili, yakatokea lile. Alilala wiki tano, mguu juu ya mto.

"Naupumzisha," alisema kila alipoulizwa.

Siku moja Mama Pacha alimpima ili amshonee suruali pana ya kuvaa hospitalini. Akapima paja la kushoto. Akapima la kulia. Akarudia.

"Mume wangu, paja hili limepungua inchi moja na nusu!"

"Tepu yako imechoka."

"Tepu haijachoka. Mguu ndio umechoka."

Kesho yake alimpeleka kwa yule mtaalamu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiye na haraka. Alikunja taulo, akaliweka chini ya goti.

"Sukuma goti chini. Kaza paja."

Baba Pacha alisukuma mpaka jasho likamtoka. Paja halikutikisika hata kidogo.

"Dada, huu mguu ni wangu kweli?"

"Ni wako. Goti likiumia na kuvimba, msuli wa mbele ya paja hulegea. Ukilala tu, unasinyaa. Na huo ndio unaonyoosha goti na kulishikilia. Daktari atatengeneza nyuzi, lakini msuli hawezi kukushonea. Ukipasuliwa ukiwa hivi, utachelewa sana kupona."

"Mazoezi si yataliharibu goti zaidi?"

"Ukijifanyia ovyo, ndiyo. Usiruke, usichuchumae, usigeuke ghafla. Fanya haya ninayokuonyesha tu. Goti likivimba zaidi au likiuma sana, acha, unipigie simu. Sasa funga macho. Kaza paja la kushoto, usikie linavyofanya. Haya, fanya hivyohivyo kulia."

Kitu kikaruka, kidogo tu, juu ya goti.

Mama Pacha aliangusha mkoba. "Umecheza! Msuli umecheza!"

Baba Pacha aliweka kiganja chake pale. Akakaza tena. Kitu kilitetemeka chini ya mkono wake kama kifaranga. Miaka arobaini ametembea na mguu huu, na hakuwahi kujua kwamba mle ndani kuna mfanyakazi wa namna hii. Machozi yalimlengalenga.

Tangu siku hiyo alikaza paja, akahesabu mpaka tano, akalegeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mabinti zake pacha walimhesabia kwa sauti, wakiruka namba ili baba apumzike mapema. Baadaye aliruhusiwa kuinua mguu ukiwa umenyooka. Wiki ya nne ya mazoezi alijitia ushujaa, akabeba ndoo ya maji, goti likavimba. Mtaalamu alimgombeza, akampunguzia mazoezi kwa siku chache. Kisha wakaendelea.

Wiki ya nane uvimbe ulikuwa umekwisha na goti linanyooka vizuri. Paja lilikuwa limebakiza nusu inchi tu kulifikia la kushoto. Daktari alilibonyeza, akaitikia kwa kichwa, amefurahi.

"Sasa njoo," alisema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku iliyofuata mtaalamu alifika wodini. Mama Pacha alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Jaribu kuinua mguu. Taratibu."

Baba Pacha alivuta pumzi. Kisigino kiliachana na shuka. Kikapanda, shubiri nzima. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijiinua kwa viwiko ili aone vizuri.

"Bwana, si jana tu umepasuliwa?"

Baba Pacha alikuwa akiutazama mguu wake, mdomo wazi.

"Moja," Mama Pacha alihesabu polepole. "Mbili. Tatu. Nne."

Alifika tano. Mguu ulikuwa bado juu.