Kuwabara Wawili

Kila asubuhi, kabla ya kengele, nilivua viatu vya njiani mlangoni mwa shule, nikavisukuma kwenye kishubaka changu na kutoa viatu vya ndani. Siku zote vilikuwa vinanuka. Jumanne ile vilikuwa na barua ndani yake.

Mwandiko ulikuwa wa Misumi, mvulana wa darasa letu. Niliujua vizuri kuliko wangu, maana tangu mwezi wa nne nilikuwa nakaa nyuma yake darasani, nikichungulia daftari lake na kujidanganya kwamba nachungulia hesabu. Nilikimbilia chooni, nikajifungia, nikasoma.

"Kuwabara, nakupenda. Tangu siku ile nilipokuona umeshika brashi, na wino umekufika hadi kidevuni, siwazi jambo jingine. Leo baada ya masomo nitakusubiri nyuma ya ukumbi wa michezo. Misumi."

Brashi? Mimi nacheza mpira wa wavu. Brashi naishika tu mwalimu akinilazimisha.

Darasani kwetu tulikuwa Kuwabara wawili, wasichana wote, wala hatuna undugu. Mimi ni Wakana. Mwenzangu ni Shiori, msichana mpole wa chama cha kuandika kwa brashi, na vishubaka vyetu vimepakana. Shuleni mtu huitwa kwa jina la ukoo. Jina lako hasa ni la mama yako na marafiki wa ndani. Misumi asingethubutu kuandika "Shiori". Yote hayo niliyajua mlemle chooni, nisiseme uongo. Lakini niliikunja barua, nikaitia mfukoni, nikajiambia labda kuna siku nilichafuka wino nikasahau.

Kisha nikamwambia rafiki yangu Nagisa, na kumwambia Nagisa ni sawa na kushika kipaza sauti.

"Wee! Misumi? Umeula, Kuwabara!"

Kufika saa ya chakula, mwavuli ulikuwa umechorwa ubaoni. Upande mmoja wa mpini waliandika Misumi, upande wa pili Kuwabara. Majina mawili chini ya mwavuli mmoja ni wapenzi, hakuna anayeuliza.

"Maharusi hao!" wavulana wakapiga kelele, wakigonga masanduku yao ya chakula kwa vijiti.

"Acheni upuuzi, ala!" niliwakaripia, huku nimefurahi hadi tumboni. Misumi alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakukana.

Shiori ndiye aliyenyanyuka akachukua kifutio. Alifuta mwavuli polepole. Alipopita kwenye meza yangu alisema, "Hongera, Kuwabara," na sauti ikamkatika. Hapo nikaelewa kwamba naye anampenda Misumi. Ningeweza kuitoa barua saa ileile. Badala yake nilimkasirikia. Anililie mimi kwa nini? Nilimnyang'anya nani?

Baada ya masomo nilikwenda nyuma ya ukumbi. Misumi aligeuka akitabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Aa, Kuwabara. Samahani, namsubiri mtu."

"Unamsubiri nani?"

"Kuwabara. Yaani yule... yule Kuwabara hasa."

"Kuwabara hasa!" Niliwaka. "Kwa hiyo mimi ni Kuwabara wa bandia? We Misumi, una macho ya kuona wino kidevuni mwa mtu, huna macho ya kusoma namba ya kishubaka?"

Niligeuka nikaondoka mbio. Penye mapipa ya taka nilitoa barua nianze kuichana.

"Karatasi inaingia pipa la bluu," sauti ilisema. Alikuwa Mwalimu Tokunaga, anayefundisha timu yetu, amebeba mfuko wa mipira. "Hiyo barua ni yako?"

"Ilikuwa kwenye kishubaka changu!"

"Sikukuuliza ilikuwa wapi."

Nilimwaga yote: brashi, mwavuli, Kuwabara hasa. Nilimtukana Misumi, nikamtukana Nagisa, nikawatukana hata waliotengeneza vishubaka. Mwalimu alingoja nimalize.

"Uliposoma habari za brashi, ulijua au hukujua?"

Niliikunja tena barua. Alizidi kuniangalia.

"Nilijua," nilisema, na machozi yakaja.

"Basi hasira hizo si za Misumi. Yeye amekosea namba, na wewe umekosea kwa makusudi. Kumpenda mtu asiyekupenda kunauma, Kuwabara, na si kosa lako. Lakini kukaa na kitu cha mwenzako huku unajua ni chake, huo ni wizi, hata kama kiliingia kwenye kiatu chako mwenyewe. Kuwabara mwenzako hajaondoka bado. Kazi ni kwako."

Nilimkuta mlangoni, ameinama anavua viatu vya ndani.

"Shiori!"

Alishtuka. Sikuwahi kumwita hivyo.

"Barua hii ni yako. Niliisoma, nikajua ni yako, nikakaa nayo. Nimekukosea. Na huyo Misumi bado amesimama nyuma ya ukumbi."

Aliisoma. Nilitegemea atalia. Lo! Yule mpole alinirushia kiatu cha ndani, kikanipata begani.

"Siku nzima!" alifoka. "Nimefuta ubao kwa mkono wangu, nimekupa hongera kwa mdomo wangu! Siku nzima, Kuwabara!"

Akarusha na cha pili. Sikukikwepa. Kisha akakimbia kuelekea ukumbini na soksi tupu, nami nikaviokota viatu vyake na kuvipanga kwenye kishubaka chake.

Kesho yake Misumi alikuja na wino shavuni, na sikuuliza umefikaje. Kuangalia kuliniuma, nikaangalia daftari langu mwenyewe. Lakini asubuhi ile, ndani ya viatu vyangu, nilikuwa nimekuta kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa brashi, herufi nene, za hasira.

"Wakana," ilisema, "bado nimekukasirikia."

Niliisoma mara tatu. Safari hii hakukuwa na shaka barua ni ya nani.