Kilomita Elfu Nane

Msinibishie, rafiki yangu aliniambia kwa kinywa chake. Kazi yake ni kukatia watu tiketi za ndege. Mchana mmoja wifi yake alimpigia simu kutoka uwanja wa ndege wa ughaibuni: "Nakuja kukutoa kwenye nyumba ya marehemu kaka yangu, mchawi wee!"

"Njoo tu, wifi."

Ni kilomita elfu nane, saa kumi na moja angani. Akamwita fundi jirani, akabadilisha kitasa, akakabidhiwa funguo zote tatu.

Saa moja haijatimia tangu ile simu, akasikia magurudumu ya sanduku kwenye korido yenye giza. Yakasimama mlangoni. Akazikamata funguo zake tatu kiganjani. Ndani ya kitasa kipya, ufunguo ukazunguka: kra, kra.