Kinu Kilichoota Mti

Asubuhi hiyo mtaa wa Magarama uliamshwa na Mwajuma. Alikuja na kinu kichwani na kelele mdomoni. Wenye maduka walitoka kuangalia. Mwajuma anauza isombe, yaani majani ya muhogo, iliyopondwa tayari, na mtu akimharibia isombe yake, hatulii mpaka Gitega nzima ijue.

Alikitua kinu mbele ya karakana ya Kassimu. Tii!

"Fundi Kassimu! Kuja uone mtoto wako!"

Kassimu alitoka na tezo mkononi. Yeye ni mchonga vinu, kama baba yake.

"Salama, Mwajuma? Iko nini tena?"

"Weka kidole hapa."

Aliweka. Kidole kikaingia kwenye ufa, kikatokea upande wa pili.

"Umeona?" alisema Mwajuma. "Mi naponda, isombe inatoka inje, kuku za jirani zinakula. Kuku zinanenepa, mi nakonda!"

Watu walicheka. Kassimu naye alicheka, maana angefanya nini? Lakini moyoni hakucheka. Hicho hakikuwa kinu cha kwanza kurudishwa. Vingine vilikuwa vimepangwa ukutani, kila kimoja na ufa wake, kama wagonjwa wanaomngoja muuguzi.

Mwajuma alipoondoka, Amisa, mke wa Kassimu, aliuliza: "Bon, sema ukweli. Hii kinu ni ya mti gani?"

"Karatusi."

"Na baba yako, alikuwa anachonga karatusi?"

"Baba alikuwa anachonga umuvugangoma. We unajua."

Amisa alijua. Umuvugangoma ni mti wa asili. Una majani mapana na maua meupe. Ubao wake unachongeka vizuri na haupasuki ovyo. Ngoma za Burundi huchongwa kwa mti huo, na vinu vizuri pia. Karatusi ni mzuri kwa nguzo na kuni. Lakini ukiuchonga kinu, unakauka, unajikaza, kisha unapasuka.

"Sasa karatusi ya nini?"

"Umuvugangoma iko wapi, Amisa? We uko unaiona?"

Kassimu alikuwa ameutafuta Bugendana, hakuupata. Aliutafuta Itaba, akakuta visiki. Vingine alivijua. Yeye na baba yake ndio waliokata hapo. Walikata mti mkubwa, wakarudi kukata mwingine, na hakuna aliyepanda hata mmoja. Walidhani kilima kitaendelea kutoa tu.

"Kinu ingine ikirudi," alisema Amisa, "tutafunga mlango. Nani atanunua kwetu?"

Karakana ile ndiyo iliyomlea Kassimu. Sasa ilikuwa inawalea watoto wake.

Haukupita muda, Husni akapiga simu. Husni ni kaka yake Amisa, anauza vitambaa Muyinga. Alisema ameuona umuvugangoma mkubwa ajabu katika shamba la mkulima anayeitwa Kasiano. Tena Kasiano amekubali kuuuza.

Kassimu alifunga msumeno wake katika gunia, akapanda basi la Muyinga.

Kasiano alimpokea kwa furaha. Alikulia Tanzania, akarudi Burundi mtu mzima, na Kiswahili chake kilinyooka.

"Karibu kaka, karibu sana. Za safari?"

"Ça va, mzee. Mti iko wapi?"

Mti ulikuwa katikati ya mibuni. Kassimu aliukumbatia, mikono yake haikukutana. Aliangalia juu. Akaanza kuona vinu vimekaa ndani ya mti, kimoja juu ya kingine, vinamngoja tu.

"Kaka, huo msumeno unakwenda wapi?"

Alikuwa ni Anisia, mke wa Kasiano. Alikuwa anachuma kahawa, kikapu kiko kiunoni.

"Kwa mti, dada. Mzee amekubali."

"Mzee amekubali!" alisema Anisia. "Mzee huyu alikubali pia kuuza jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa wa jirani."

Kasiano alikohoa, akaenda kuangalia kama mbuzi amefungwa vizuri.

"Nikuulize, kaka," alisema Anisia. "Ukimaliza huu, utakata upi?"

Kassimu aliangaza macho kilimani. Aliona karatusi. Aliona migomba na mihogo. Umuvugangoma mwingine hakuuona.

"Nitatafuta."

"Gitega ulitafuta?"

"Nilitafuta."

"Ukapata?"

Kassimu alikuna kichwa.

Anisia aliweka kikapu chini. "Mimi nimekulia katika kambi ya wakimbizi. Tulipofika, kuni zilikuwa hapo nyuma ya hema. Nilipokuwa msichana, tulitoka alfajiri kutafuta kuni, tukarudi jioni. Maharage tulipewa. Kuni za kuyaivisha hatukuwa nazo. Wewe umewahi kula maharage yasiyoiva?"

"Hapana."

"Usijaribu, jamani! Kambi nzima ilikuwa inapiga ngoma, na ngoma zenyewe ni matumbo."

Kassimu alicheka bila kutaka. Anisia hakuwa mtu wa kulia. Kambini alijifunza kazi ya kitalu, yaani kuotesha miche, na aliipenda kuliko kupanga foleni.

"Huu ni mti mama," alisema, akiupiga mti kofi kama anayempiga ng'ombe wake. "Unatia kivuli kahawa yangu. Majani yake yanaoza, yanakuwa mbolea. Nyuki wanakula maua yake. Na mbegu zote za kilima hiki zinatoka hapa. Ukiukata, mwakani hakuna mbegu. Hakuna mbegu, hakuna miti. Hakuna miti, hakuna fundi wa vinu."

"Dada, umesema kweli. Lakini watoto wangu hawali mbegu."

"Najua. Ndiyo maana huondoki mikono mitupu. Njoo."

Alimwonyesha tawi nene lililovunjwa na upepo. "Chukua hili. Halitoshi kinu cha isombe. Linatosha vinu vidogo vya vitunguu saumu na pilipili." Kisha alimpa mfuko wa matunda ya umuvugangoma. Yalikuwa madogo, ya njano, yananata kama gundi. "Ondoa nyama yote. Nyama inaozesha mbegu. Halafu panda."

Kassimu alirudi Gitega. Amisa alimwangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Ulienda kuleta mti. Umeleta mkono yake?"

"Na mbegu pia."

"Mbegu! Wateja wangoje!"

Hata hivyo Kassimu alianza kazi. Alichonga vinu vidogo, na akina mama wakavipenda. Matunda aliyatoa nyama kwa njia aliyoijua tangu utoto. Aliyamimina katika kinu, akachukua mchi, akaponda. Twa! Twa! Aliponda vizuri kabisa. Akapanda nyuma ya nyumba, akamwagilia kila siku.

Hakuna kilichoota.

Amisa alikuwa anapita pale akiuliza: "Fundi, udongo yako imekua?"

Mwishowe Kassimu alipiga simu Muyinga. "Dada Anisia, mbegu yako imekataa."

"Nyama uliitoaje?"

"Niliponda."

"Uliponda wapi?"

"Kwa kinu. Mi ni fundi wa kinu, ningeponda wapi?"

Anisia alicheka mpaka Kasiano akasikika anauliza kuna nini. "Kaka! Nilikupa mbegu, wewe ukaitengeneza isombe! Umezivunja zote!"

Alipomaliza kucheka, alimfundisha taratibu. "Loweka matunda katika maji. Sugua kwa mikono pamoja na mchanga, polepole, mpaka kokwa itoke safi. Suuza. Anika kivulini, siyo juani. Panda, funika kwa udongo kidogo tu. Tilia kivuli cha majani, mwagilia, subiri. Zinachelewa kuota, hata mwezi unaweza kupita. Na usifukue kuangalia! Nakujua."

"Sawa, dada."

"Na vile visiki vya Itaba, vimekufa?"

"Vinaotesha vijiti. Mbuzi inakula."

"Basi havijafa, kaka! Mizizi yake ni mikubwa, ina nguvu. Kila kisiki, chagua machipukizi mawili yaliyonyooka. Mengine kata. Zungushia miiba, mbuzi asifike. Hayo yatakua haraka kuliko mbegu."

Anisia alituma matunda ya mwisho kwa mkono wa Husni. Safari hii Kassimu aliyasugua kwa mikono. Amisa alisimama mlangoni kumlinda asiguse mchi.

"Tutapanda wapi?" aliuliza Kassimu. "Ile ya nyuma, kuku zimeichakura."

Amisa aliangalia ukutani, kwenye vile vinu vilivyopasuka. "Hizi zinavuja, si ndiyo?"

"Usianze tena, Amisa."

"Sikiliza basi! Mche inataka maji ipite, isilale. Tia udongo humo."

Walijaza udongo. Wakavipanga vinu mbele ya karakana, chini ya kivuli cha majani ya migomba. Mwajuma alipita na kapu lake.

"Fundi, sasa unapanda maua?"

"Napanda vinu, Mwajuma."

"Masikini," alisema Mwajuma. "Jua imempiga."

Lakini mwezi ulipopita, udongo ulipasuka kidogo, kijani kikachungulia. Kinu cha kwanza kuota kilikuwa kile cha Mwajuma. Alipokiona alisahau kumcheka mtu.

Mvua ziliponyesha vizuri, Kassimu alipeleka miche Itaba. Alizungumza na wenye mashamba. Walipanda pembezoni mwa mashamba na kati ya mibuni, wakapalilia kuizunguka. Visiki vya zamani vilizungushiwa miiba. Walipatana hivi: machipukizi yakikomaa, atakata moja na kuacha moja, na mwenye shamba atapata fungu lake. Mbuzi hawakuulizwa.

Miaka ilipita. Kassimu aliishi kwa vinu vidogo, vigoda na miiko. Hakuchonga tena kinu cha karatusi. Mlango wa karakana haukufungwa. Na kule Muyinga ule mti mama bado umesimama, unamwaga matunda kila kiangazi, na Anisia anawagawia majirani. Kasiano siku hizi anawaambia wageni kwamba ni yeye aliyekataa usikatwe.

Kisha chipukizi moja la Itaba likanenepa vya kutosha. Kassimu alilikata, akaacha mwenzake juu ya kisiki kile kile. Alichonga kinu. Alikikausha kivulini bila haraka. Kilipokuwa tayari, alikibeba mwenyewe mpaka kwa Mwajuma, pamoja na mche mmoja. Kila anayechukua kinu kwake sasa hupewa mche.

Mwajuma alikizungusha kinu. Akakigonga. Akakijaza maji mpaka juu, akakaa mbele yake na mikono kiunoni. Alipapasa chini, pakavu. Alimwaga maji, akatia majani ya muhogo, akaanza kuponda.

Kuku za jirani zilisikia mchi. Zilikuja mbio, zikazunguka kinu, zikachakura hapa na pale.

"Mrudi kwenu!" alisema Mwajuma. "Leo hamna kitu."