Wifi Yangu Alikuwa Ananiongezea Nini Kwenye Sahani?

"Kaka, amekula yote. Hajashtuka. Kesho naongeza kidogo."

Jamani... hiyo meseji niliisoma saa moja asubuhi kwenye simu ya mume wangu, mwenyewe yuko bafuni anaoga huku anaimba.

Aliyeituma ni wifi yangu. Mdogo wake wa damu. Yuleyule ambaye dakika ileile alikuwa jikoni kwangu ananipikia mayai!

Na chini yake mume wangu amejibu:

"Ongeza taratibu. Akijua tumekwisha."

Nikaketi kitandani.

Maji yakakatika bafuni. Nikairudisha simu palepale, nikajifanya natafuta kitana.

"Umeamkaje, mke wangu?"

"Salama tu."

Salama gani!

Ngoja niwaeleze mimi ni nani, msije mkaniona mwehu. Ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Nasimama saa tisa kwa siku, pasi ya mvuke mkononi, mashati ya watu yamening'inia mpaka darini. Nilikuwa na kilo tisini na sita, na magoti yakawa yananililia kila nikipanda ngazi.

Daktari akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akanipangia chakula cha wanga kidogo. Mkate, wali na sukari, hapana. Mayai, samaki, kuku na mboga za majani, ruksa. Na akaniandikia lengo la kalori kwa siku.

Mia sita.

Nikaliandika kwa kalamu nene kwenye mlango wa friji: 600. Nikanunua mzani mdogo wa jikoni na daftari. Yai moja, sabini na kitu. Kijiko kimoja cha mafuta, mia na ishirini! Yaani kijiko kimoja tu kimenilia sehemu ya tano ya siku yangu. Nikapiga marufuku mafuta.

Anayepika ni wifi. Alikuja kukaa kwetu huku anatafuta kazi, na jikoni mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Nikamwambia, "Wifi, pima kama ninavyoandika. Usinizidishie hata punje."

"Sawa, wifi."

Wiki tatu za mwanzo niliyeyuka kama sabuni. Nguo zikanipwaya. Nikawa natembea najiangalia kwenye vioo vya magari ya watu.

Halafu yakaanza mambo...

Kizunguzungu. Nywele zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Baridi mchana kweupe. Hasira zisizo na kichwa wala miguu. Siku moja nikaanguka kwenye korido, wifi ndiye aliyeniinua.

Mume wangu akasema, "Hii mia sita yako mimi siielewi. Mtu mzima anashibaje?"

Nikamrukia. "Wewe umesomea mafriji au umesomea lishe?"

Ni fundi wa mafriji. Wifi naye alijaribu kufungua mdomo, nikamkata jicho akaufunga.

Tangu siku hiyo wakawa wananong'ona. Nikiingia, kimya.

Na sasa meseji hii. "Hajashtuka. Kesho naongeza."

Wanaongeza nini?

Nikaanza kuchunguza. Nikagundua wifi anafunga mlango wa jikoni wakati wa kupakua. Zamani alikuwa anauacha wazi na tunapiga soga. Nikagundua nikimaliza kula ananyanyua sahani haraka na kuiosha papo hapo, na kabla hajaiosha anaiangalia kwanza.

"Umemaliza yote, wifi?"

"Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Mtu anauliza tu kila siku?

Na mzani wa kujipimia uzito nao ukagoma! Wiki nzima sindano haisogei. Mimi nala mia sita, mwili umesimama. Kuna kitu kinaingia mwilini mwangu ambacho sikijui.

Nikamwambia mwenzangu wa kazini. Tunamwita Bi Vifungo, kwa sababu kazi yake ni kurudishia vifungo vilivyong'oka. Ni mtu mzima, ndoa tatu zimempitia.

Alisikiliza mpaka mwisho, sindano imesimama hewani.

"Mwanangu, mume wako ana bima ya maisha yako?"

"Sijui..."

"Hujui? Basi kaa hivyohivyo usijue!"

Nikarudi nyumbani kichwa kinawaka moto.

Jioni ile mezani, samaki na mboga. Sahani yangu upande huu, ya mume wangu upande ule. Nikatabasamu.

"Mume wangu, leo tubadilishane. Yako inaonekana nzuri."

Akaishika sahani yake kwa mikono miwili.

"Hapana. Hiyo ni yako."

"Samaki ni yuleyule, kuna ubaya gani?"

"Nimesema hiyo ni yako. Nakuomba kula."

Nikamtazama wifi. Wifi akatazama chini.

Hapo mtu wangu hata kama ungekuwa wewe!

Nikasema tumbo limejaa gesi. Nikabeba sahani mpaka uani, samaki wote wakaishia kwenye ndoo ya taka. Kuanzia siku hiyo sikula tena chakula cha nyumba ile. Nikawa nachemsha mayai yangu mawili kazini, kwenye birika la chai, basi, ndiyo siku yangu.

Nyumbani nikipewa sahani naisukumasukuma, wakigeuka naimwaga. Wifi anaona sahani tupu, anafurahi. Na mimi nikiona anavyofurahi, nachemka ndani kwa ndani.

Siku ya nne mume wangu akasafiri. Aliitwa kutengeneza chumba cha baridi cha kampuni ya maua, siku mbili. Wifi akatoka kwenda dukani. Nikaingia jikoni, nikafungua kila kopo.

Nyuma ya kopo la majani ya chai nikaikuta.

Chupa ya dawa ya kikohozi. Karatasi yake imebanduliwa. Ndani kuna kitu kizito cha rangi ya kijani kama njano. Na pembeni yake mfuko mdogo wa unga wa kahawia usio na jina.

Kopo likaniponyoka, likaanguka.

Wifi aliporudi alinikuta nimesimama mlangoni, chupa mkononi.

"Hii nini?"

Akaacha mfuko wa nyanya udondoke.

"Wifi, naomba nikueleze..."

"HII NINI?"

"Mafuta ya zeituni. Na ule unga ni lozi zilizosagwa. Nakuongezea kidogo kwa sababu..."

"Mafuta kwenye chupa ya dawa? Unanifanya mimi mtoto?"

"Ungeona chupa yenyewe ungeitupa!"

"Kunywa basi! Kunywa nikuone!"

Jamani, wifi yangu aliichukua ile chupa akanywa mafunda mawili mbele yangu. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nilifikiri nini? Nikafikiri, kidogo hakimuui mtu, wao wamenilisha wiki nzima! Nikishashuku, hata ukweli ukiuweka mezani nauona una miguu ya uongo.

Nikamtupia begi lake nje. Tunapanga nyumba moja na familia nne, milango inatazamana, na nilipiga kelele mpaka yote ikafunguka.

"Muuaji huyu! Anataka kuniua nyumbani kwangu!"

Hakunijibu. Alikunja nguo zake zilizotapakaa chini, moja baada ya nyingine, watu wanatazama. Alipomaliza akaniangalia machozi yamejaa.

"Naondoka, wifi. Ila leo kula. Pika mwenyewe, kwa mkono wako. Lakini kula."

Nikabamiza mlango.

Mume wangu alipiga simu mara kumi na moja. Sikupokea hata moja.

Kesho yake niko kazini. Saa tano asubuhi, joto la mashine limejaa chumba kizima. Mbele yangu shati jeupe la mteja. Nikainua pasi...

Nakumbuka shati liliongezeka weupe. Likawa jeupe, jeupe, mpaka likajaza macho yangu yote.

Halafu sikumbuki.

Niliposhtuka niko hospitali, dripu mkono mmoja, bandeji mkono mwingine. Pasi iliniangukia mkononi. Bi Vifungo alikuwa pembeni analia na mkebe wake wa vifungo mapajani, sijui aliubeba wa nini.

Mume wangu akafika jioni na nguo za kazi, grisi mpaka shingoni. Na nyuma yake akaingia mtaalamu wa lishe, mama wa miwani ya uzi.

"Unakula kalori ngapi kwa siku?" akaniuliza.

"Mia sita. Ila siku hizi nimeshuka kidogo, labda mia na hamsini..."

Akavua miwani.

"Nani alikuandikia mia sita?"

"Wewe!"

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe, kwa kalamu yako!"

Hakubishana. Akafungua faili langu, akanigeuzia. Mwandiko wake. Tarehe ileile. *Lengo la siku: 1600.*

Elfu moja na mia sita!

Sasa nani alibadilisha? Akili yangu, hata pale kitandani, ilikimbilia kwa watu! Mume? Wifi? Nani alifuta ile moja?

"Karatasi niliyokupa iko wapi?"

"Ililowa kazini kabla sijafika nayo nyumbani, ikaharibika. Ila niliipiga picha siku ileile, pale kwenye ngazi zenu."

"Nionyeshe."

Nikatafuta kwenye simu. Hii hapa. *Lengo la siku: 600.* Nikampa kwa kiburi kabisa.

Akaikuza picha. Akaikuza tena. Akanirudishia.

"Hiki kitu cha kahawia kinachotokea chini, kabla ya sita, ni nini?"

Nikatazama.

Jamani...

Kilikuwa kidole gumba. Changu! Nilishika karatasi kwa mkono wa kushoto, nikapiga picha kwa wa kulia, na kidole kikaikalia ile moja.

"Lakini nilikusomea," mama akasema kwa upole. "Nilikusomea kwa sauti."

Ni kweli. Alikuwa anasoma, simu ya kazini ikaita, nikawa naongea na simu huku naitikia kwa kichwa, ndiyo mama, ndiyo mama.

Adui niliyemtafuta nyumba nzima, nyuma ya makopo, kwenye simu za watu, nilikuwa natembea naye mkononi.

Mume wangu akaketi ukingoni mwa kitanda. "Tulikuogopa," akasema. "Kila tukifungua mdomo unawaka. Mdogo wangu akasema akuongezee mafuta, lozi, kidogokidogo, mpaka ufike elfu moja. Siku ile ya sahani nilikataa kwa sababu nilijua bila ile huna kitu tumboni."

Mama wa lishe akamgeukia. "Na nyinyi mlikosea. Mtu mzima halishwi kwa kificho. Mngemleta kwangu, hata kwa kumburuta." Kisha akanigeukia mimi. "Ila hicho ulichokuwa unamwaga ndicho kilichokuwa kinakusimamisha."

Nikafunga macho. Nilimwona wifi anakunja nguo zake chini.

Nilipotoka hospitali nilimfuata kwa rafiki yake alikojishikiza. Alikuwa amepata kazi, anapika kwenye kantini ya shule. Alinikuta mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Wifi, nisamehe. Rudi nyumbani."

"Kurudi sirudi. Kazi nimeipata." Akaegemea mlango. "Na mimi nilikosea kukuficha, hilo nalibeba. Lakini wewe uliniita muuaji mbele ya watu, halafu msamaha unaniletea huku uchochoroni, tuko wawili tu."

"Unataka nifanye nini?"

"Waliokusikia unawajua."

Basi nikaenda. Mlango kwa mlango, bandeji mkononi, aibu usoni. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Nilisema wifi yangu ni muuaji. Nilisema uongo. Alikuwa ananilisha." Wananiangalia tu, wanaitikia, "Haya, tumesikia."

Mlango wa nne ni wa baba mmoja mlinzi, mtu wa maneno machache. Akanisikiliza. Akaingia ndani, akarudi na kikaratasi.

"Hiki alitupa siku ile anaondoka na begi lake. Alipita milango yote minne."

Kilikuwa na namba ya simu ya wifi. Na chini yake, kwa mwandiko wake:

*Wifi yangu anaumwa ila hajui. Akianguka, nipigieni hata saa ngapi. Msimwambie nimesema.*

Nililia palepale barazani kwa mtu.

Yaani mimi namtukana mbele ya watu, yeye anawaomba watu haohao wanitunze!

Leo nala elfu moja na mia sita, wanga kidogo kama kawaida, mafuta ya zeituni yako mezani kwenye chupa yenye jina lake. Kilo zinashuka polepole, magoti yamepunguza kelele. Jumapili wifi anakuja kunisalimia. Bado hajarudi kucheka nami kama zamani. Nasubiri, simlazimishi.

Wewe unayesoma na kuhesabu kalori kama mimi, namba yako uliitoa wapi? Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie akusomee tena, na simu uizime. Na mwili ukianza kukuangusha, usianze kwa kupekua simu ya mumeo wala makopo ya wifi yako. Anza na hesabu yako mwenyewe.

Na kama kuna mtu nyumbani kwako amekwambia mara mbili kwamba hauko sawa, na mara zote mbili umemkata jicho... msikilize ya tatu. Mimi ya tatu sikuisikia, kwa sababu walishaniogopa.